Mume Akinywa, Mke Aende Wapi?

Saa saba za usiku. Watoto wamelala, nawe umekaa sebuleni gizani ukisikiliza mlango wa uani. Kwa hatua zake tu utajua amekunywa kiasi gani. Asubuhi utampigia simu mkubwa wake kazini, useme ana homa. Watoto wakiuliza, utasema baba amechoka. Na Jumapili ukiulizwa habari za nyumbani, utajibu, "Tuko salama."

Mama mpendwa, umemwaga chupa, umeficha pesa, umelia, umenuna, umefunga na kuomba. Bado anakunywa. Si kwamba upendo wako umepungua. Ulevi wa namna hii ni ugonjwa, na mgonjwa hapati nafuu kwa kufichiwa madhara yake. Lakini upo mlango unaoweza kuubisha wewe mwenyewe, hata kabla yeye hajakubali.

Kiatu cha Lois

Mwaka 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, Marekani. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Biashara iliyompeleka huko iliharibika, akajikuta hotelini, baa ikiwa karibu. Badala ya kuingia, alishika simu akampigia kasisi, akiomba msaada wa kumpata mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Hatimaye mama mmoja, Henrietta Seiberling, akamkutanisha nyumbani kwake na Daktari Bob Smith. Ilikuwa Siku ya Mama. Daktari alikuwa amesema atakaa dakika 15 tu, lakini walizungumza kwa saa nyingi. Huo ndio mwanzo wa Alcoholics Anonymous, inayojulikana zaidi kama AA.

Lois, mke wa Bill, alifurahi mumewe alipoacha. Lakini siku moja Bill alipomhimiza wasichelewe mkutanoni, Lois alimrushia kiatu. Hasira yake ilimshtua mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa amemhangaikia mumewe hata akajisahau. Mwaka 1951, yeye na rafiki yake Anne wakaanzisha Al-Anon, kwa ajili ya jamaa na marafiki wa walevi.

Utakipataje kikundi?

Anza kwa kuuliza, kama Bill. Muulize mchungaji wako faraghani, au muuguzi wa kitengo cha afya ya akili hospitalini. Nchini Kenya, unaweza kupiga 1192 bila malipo, simu ya NACADA, shirika la serikali linaloshughulikia ulevi na dawa za kulevya. Vikundi vya AA hukutana katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam, mara nyingine katika kumbi za makanisa. Ukiwa mbali na mji, ipo mikutano inayofanyika kwa intaneti, na simu ya mkononi inatosha.

Ukipata mtu wa kukujibu, uliza siku na saa, lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi. Mkutano wa wazi wa AA hupokea mtu yeyote. Uliofungwa ni wa wale wanaotaka kuacha pombe wao wenyewe. Uliza pia kama kuna Al-Anon, maana huko ndiko nafasi yako hasa.

Siku ya kwanza

Utakuta viti vichache, pengine na chai. Watu hujitambulisha kwa jina la kwanza tu. Mmoja husema, wengine husikiliza bila kumkatiza. Ukishindwa kusema, jibu, "Leo nitasikiliza," na hakuna atakayekulazimisha. Hakuna ada, kikapu hupitishwa, mwenye chochote hutia. Hutaulizwa dhehebu lako. Wanamtaja Mungu kama kila mmoja anavyomfahamu. Na yanayosemwa humo hayatoki nje.

Huenda mama usiyemjua akasimulia habari ya simu ya asubuhi na ile homa ya uongo, ukadhani anasimulia nyumba yako. Usihukumu kikundi kwa siku moja. Rudi mara kadhaa.

Na baba watoto?

Usimwambie akiwa amelewa. Ngoja asubuhi, useme kwa utulivu: "Baba nanihii, kuna watu wanakutana Jumanne. Mimi nitakwenda." Sharti pekee la kuingia AA ni hamu ya kuacha kunywa, na hamu hiyo huwezi kumtilia moyoni. Akikataa, wewe nenda.

Akiamua kuacha, naye amekuwa akinywa sana kila siku, mpeleke kwanza kwa daktari. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, kifafa na kuweweseka, hata kifo. Na kama anakupiga, usisubiri mkutano. Tafuta kwanza usalama wako na wa watoto.

Labda pia, dada, anayeficha chupa kabatini ni wewe. Mlango wa AA ni huo huo, na wanawake wamo.

Jumanne ikifika, waachie watoto chakula mezani. Wakiuliza unakwenda wapi, usiwaambie unakwenda dukani. Waambie, "Baba anaumwa na pombe, nami nakwenda kutafuta msaada kwa ajili yetu." Huenda ukawa ukweli wa kwanza kuwaambia kwa siku nyingi.