Tofauti za Jeni za Kinga ya Mwili na Ukinzani dhidi ya Malaria miongoni mwa Wafulani, Wamosi na Warimaibe wa Burkina Faso

Katika vijiji vya savana kaskazini-mashariki mwa Ouagadougou, Wafulani, Wamosi na Warimaibe huishi jirani na huumwa na mbu walewale. Hata hivyo, Modiano na wenzake (1996) walibaini kuwa Wafulani walikuwa na maambukizi machache ya Plasmodium falciparum, waliugua homa ya malaria mara chache zaidi, na damu yao ilikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya vimelea hivyo. Tofauti hiyo haikuelezeka kwa wingi wa mbu wala kwa matumizi ya njia za kujikinga.

Ilitarajiwa kwamba Wafulani wangekuwa na wingi wa jeni za ukinzani zilizokwisha kujulikana. Matokeo ya mwaka 2001 yalikuwa kinyume: kwa ujumla, jeni za selimundu, hemoglobini C, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD na aleli ya HLA-B53 zilikuwa haba zaidi kwao kuliko kwa majirani zao.

Warimaibe ndio wenye uzito mkubwa katika hoja hii. Wao ni wazao wa watu waliotekwa na kufanywa watumwa wa Wafulani. Huzungumza Kifulani na kushiriki mengi ya utamaduni huo, ilhali kinasaba wako karibu na Wamosi. Kwa kuwa nao huathiriwa na malaria kama Wamosi, ni vigumu kuuhusisha ukinzani wa Wafulani na desturi pekee. Athari ya lishe haiondoki kabisa, kwani Warimaibe ni wakulima na Wafulani ni wafugaji.

Luoni na wenzake (2001) walielekeza macho kwenye jeni ya IL4, inayochochea seli B kutengeneza kingamwili. Aleli ya -524T ilikuwa nyingi zaidi kwa Wafulani, na miongoni mwao iliambatana na kingamwili nyingi. Uambatani huo si uthibitisho wa chanzo: aleli hiyo yaweza kuwa alama tu ya jeni nyingine iliyo karibu nayo katika kromosomu ya 5. Torcia na wenzake (2008) walipolinganisha Wafulani na Wamosi, walikuta seli T dhibiti za Wafulani zina upungufu wa utendaji. Kwa mantiki hiyo, mwitikio mkali wa kinga unaweza kutokana na kulegea kwa udhibiti, wala si lazima utokane na jeni moja yenye nguvu.

Jambo hili lina uzito katika majaribio ya chanjo. Jaribio linaloweka jamii hizi katika wastani mmoja litaficha tofauti za mwitikio wa kingamwili, na lile linalotumia jina la kabila badala ya kupima jeni zenyewe litachanganya nasaba, lishe na historia.