Salamu Isiyoandikwa Katika Kanuni

Saluti imeandikwa katika kanuni. Kila kuruta hufundishwa tangu siku za kwanza mkono upande vipi na uteremke vipi, na asiyeitoa huadhibiwa. Salamu haikuandikwa popote. Hatujapata kusikia askari ameshitakiwa kwa kosa la kutomwuliza mwenziwe kama ameamka salama, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoachwa kwanza kazi inapozidi.

Tuliyafikiri haya asubuhi moja tulipokuwa Kakoba, mjini Mbarara, tukingoja gari la kutupeleka Nakivale. Mwuza maziwa alifika na baiskeli yake, akamwambia mwenye kibanda cha chai, "Agandi." Akajibiwa, "Nimarungi." Kisha wakaulizana habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe, kabla hata kopo moja halijapimwa. Sisi wenye saa mkononi tuliona wanapoteza wakati. Lakini katika dakika zile mbili mwenye kibanda alikwisha jua kwamba mtoto wa mwenziwe ni mgonjwa, akamlipa papo hapo fedha za juma zima.

Katika kikosi kimoja tulichopata kutumikia, askari mmoja alishika lindo la usiku mara tatu mfululizo baada ya kupata habari za kifo cha mama yake. Koplo aliyemkabidhi zamu alihesabu risasi, akakagua bunduki, akatia sahihi katika daftari. Alisema, "Habari?" naye akajibu, "Nzuri, afande," kama tulivyozoea sote, na jibu halijaisha, koplo amekwisha geuka. Usiku wa tatu kijana yule alikutwa ameketi nyuma ya kibanda cha lindo, bunduki mapajani, analia. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyedhurika. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakuna aliyemwuliza. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliompita langoni asubuhi zile.

Mkuu wa kikosi hakuitisha gwaride wala hakutoa hotuba. Aliagiza tu kwamba anayekabidhi zamu afike dakika tano mapema, amwite mwenziwe kwa jina lake, amwulize habari za nyumbani, na angoje jibu kabla ya kulishika daftari. Wapo waliocheka, wakasema koplo amegeuka mama mkwe. Wapo pia wasiopenda mambo yao yajulikane, na hao waachwe. Salamu si mahojiano ya mtuhumiwa. Hata hivyo baada ya majuma machache ilijulikana nani ana mgonjwa na nani anadaiwa kodi ya chumba, na askari wakaanza kupokeana zamu wenyewe bila kusukumwa.

Jambo moja hutusikitisha. Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi zetu tangu siku za King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, na mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Lakini katika lugha hii yenye hazina kubwa ya salamu, sisi askari tumechukua "simama", "njoo" na "kaa chini", na "umeamkaje" na "pole" tukawaachia wengine. Si ajabu raia wengi walikiogopa kwa muda mrefu.

Huko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa rasmi mwaka 1960, wanaishi watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Polisi wanaohudumu huko nao hutoka pande zote za Uganda, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Tulipofika, konstebo wawili walikuwa wakipokeana zamu chini ya mti. Daftari lilikuwa limefungwa juu ya meza.

"Yule mtoto alilala?" aliuliza anayeingia.

"Alilala kuanzia saa tisa. Homa imeshuka."

"Basi nenda nyumbani mapema, mimi nipo."

Ndipo wakalifungua daftari.