Refa Hakukosea, Baba! Kanuni za Kikapu Zinazogombanisha Wazazi

Siku hizi Jumamosi si ya kulala mpaka saa nne tena. Ukiwa na mtoto anayecheza kikapu, chai inanywewa chapuchapu, raba zinatafutwa chini ya kitanda, na kabla jua halijawa kali mko pembeni mwa uwanja. Labda ni Don Bosco Upanga, labda JMK Park pale Kidongo Chekundu, au ni uwanja wa shule wenye ringi isiyo na nyavu. Baba katinga jezi ya Lakers. Mama kashika simu, tayari kurekodi. Mambo safi kabisa.

Halafu refa anapuliza filimbi, na ustaarabu wote unaishia hapo. Baba wa watu, ofisini ni meneja anayeheshimika, anasimama na kupiga kelele, "We refa, huoni?" Mama anamvuta shati. Mtoto uwanjani anaangalia chini. Safari ya kurudi nyumbani ni kimya tupu, redio tu ndiyo inaongea.

Ukichunguza sana, mara nyingi refa alikuwa sahihi. Kikapu kina kanuni kadhaa ambazo karibu kila mtu anadhani anazijua, kumbe alizisikia mtaani au kaziona kwenye TV. Mtoto ndiye anayelipa gharama. Kocha kamfundisha hivi wiki nzima, baba anamfokea vile mbele ya wenzake. Amsikilize nani? Akichoka kuvutwa huku na huku, ataacha mchezo na kukwambia tu kwamba "haunogi tena."

Sasa wewe na mwenzi wako kaeni chini, tuzipitie moja moja. Kanuni tunazozitumia hapa ni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo ndizo zinazotumika kwetu.

"Katembea huyo!"

Hili ndilo kosa linaloongoza kwa kupigiwa kelele. Wengi tunaamini mchezaji akishika mpira na kupiga hatua mbili na kidogo, basi kaiba. Ukweli ni kwamba tangu Oktoba 2017 FIBA ilibadilisha namna ya kuhesabu. Mchezaji aliye mwendoni akiukamata mpira huku mguu mmoja uko chini, mguu ule hauhesabiwi. Hatua ya kwanza ni ya mguu unaofuata. Kwa hiyo ukihesabu kwa macho ya zamani utaona tatu, refa ataona mbili, na wote mna uhakika!

Kuna na suala la mguu wa egemeo. Mchezaji aliyesimama anaweza kuzunguka juu ya mguu mmoja mara kumi akipenda. Anaweza hata kuuinua mguu huo ili atoe pasi au atupe kikapuni, mradi mpira umtoke mkononi kabla mguu haujarudi chini. Lakini akitaka kuanza kudunda, mpira lazima uache mkono kwanza ndipo mguu uinuke. Ndiyo maana watoto wengi wanapigiwa filimbi pale wanapoanza kukimbia, na mzazi anabaki kusema, "Mbona hajapiga hatua yoyote?"

Jambo lingine ni kuanguka. Mtoto akiteleza na mpira mkononi akaburuzika sakafuni, si kosa. Kosa ni kujiviringisha, au kujaribu kuinuka huku kaukumbatia.

"Dabo! Kadunda mara mbili!"

Ni kweli, ukishadunda ukaukamata mpira, huruhusiwi kuanza kudunda upya. Ila kuna mambo yanayofuta hesabu hiyo. Mpira ukiguswa na mpinzani ukamponyoka mwanao, akiupata anaweza kudunda tena. Akitupa kwa nia ya kufunga, mpira usiguse ringi wala ubao, kisha akaudaka mwenyewe, hana kosa. Kutupa kulishamaliza umiliki wake, na hapo anaanza upya. Refa anachoangalia ni kama kweli alikuwa anatupa kufunga au alijipasia kijanja.

"Kamrukia mgongoni!"

Kwenye kugombea mpira uliogonga ringi, mtoto mrefu akiuchukua akiwa nyuma ya mfupi, upande wa pili unalipuka. Lakini hakuna faulo inayoitwa "kuwa nyuma." Faulo ni mgusano unaomnyima mwenzako haki yake. Kila mchezaji ana nafasi yake, kama bomba lisiloonekana lililomzunguka kutoka sakafuni kwenda juu. Mrefu akiruka ndani ya bomba lake akauchukua mpira juu ya kichwa cha mwenzake bila kumsukuma wala kumlalia, huo ni urefu tu, na urefu hauna adhabu.

Ni hivyo hivyo kwa kunyoosha mkono ili kuupokonya mpira. Mkono kunyooshwa peke yake si kosa. Ukigonga mkono wa mwenye mpira, hapo ni habari nyingine.

"Mlinzi alikuwa anatembea!"

Hapa hata wanaojiita wataalamu wanateleza. Mshambuliaji kamvaa mlinzi kifuani, wote chini. Jukwaa linadai faulo ni ya mlinzi "kwa sababu hakuwa amesimama." Kanuni haisemi asimame kama mlingoti. Inasema kwanza awe amemkabili mpinzani wake na miguu yote miwili iko chini. Akishaipata nafasi hiyo kihalali, anaruhusiwa kwenda pembeni, kurudi nyuma, hata kuruka wima na mikono juu. Akigongwa kifuani katika hali hiyo, mwenye makosa ni mshambuliaji. Lakini akichelewa na kujipenyeza pembeni, au akitanua kiuno na goti, faulo ni yake.

Waamuzi wenyewe hubishana kwenye hili baada ya mechi. Sasa wewe uliyekaa mita 20, na karanga mkononi, una uhakika gani?

"Sekunde tatu refa, hesabu!"

Baba akishaijua hii kanuni, basi siku nzima ni kuhesabu kwa sauti. Kweli, mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu mfululizo ndani ya lile eneo lililochorwa chini ya kikapu cha wapinzani. Lakini hesabu inakwenda tu timu yake ikiwa inamiliki mpira kwenye nusu ya mbele na saa ya mchezo inatembea. Mpira ukishatupwa kuelekea kikapuni, hesabu inakufa. Wakiupata tena chini ya ringi, inaanza sifuri. Isitoshe, refa humvumilia mchezaji anayejitahidi kutoka, au aliyepokea mpira na anadunda kwenda kufunga. Ndiyo maana unaweza kuona mtoto kakaa hapo "sekunde saba" na filimbi iko kimya.

"Mbona anapewa mitupo huru? Hakuwa anafunga!"

Swali zuri. Katika kila robo, timu inahesabiwa faulo zake. Nne za kwanza, kama mchezaji aliyefanyiwa hakuwa anatupa kufunga, mpira unaanzishwa nje tu. Kuanzia ya tano, faulo ya mlinzi inazaa mitupo huru miwili hata kama tukio lilikuwa katikati ya uwanja. Ila faulo ya timu yenye mpira haitoi mitupo, hata kama ni ya tisa. Na mchezaji mmoja akifikisha faulo tano, kazi yake imekwisha kwa siku hiyo. Asilie, si kadi nyekundu.

"Mpira umetoka, kila mtu kaona!"

Mstari wenyewe ni nje. Ila mpira ulio hewani juu ya mstari bado uko ndani. Haujatoka mpaka uguse sakafu ya nje, mtu aliye nje, au kitu kilicho nje. Kwa hiyo mtoto anayeruka kutokea ndani, akaupiga mpira kurudi uwanjani kabla yeye hajatua, kafanya kazi safi. Mpe makofi. Ubao nao, mbele na kingo zake, ni sehemu ya mchezo. Nyuma ya ubao na nguzo zinazoushikilia ni nje.

Na mpira ukigusa mguu je? Si kosa kama haikuwa makusudi. Kosa ni kuupiga au kuuzuia kwa mguu kwa kudhamiria.

TV ndiyo iliyotuponza

Kusema ukweli, wengi wetu kikapu tumejifunza kwa NBA. Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kufika ligi ile, hata shangazi ambaye hakuwahi kuona ringi alianza kukesha. Tatizo ni kwamba NBA ina kanuni zake.

Kule robo ni dakika 12, FIBA ni 10. Kule unatoka kwa faulo sita, huku tano. Kule mlinzi naye anahesabiwa sekunde tatu chini ya ringi, huku hapana, anaweza kuweka kambi pale. Kule mchezaji aliye uwanjani anaweza kuomba muda wa mapumziko, huku ni benchi la ufundi kupitia mezani. Kule mpira ukiwa unazungukazunguka juu ya ringi hauguswi. Huku, tupo likishagusa ringi, yeyote mwenye uwezo wa kuufikia anaweza kuusukuma. Ukipiga kelele kwa kanuni za Los Angeles kwenye mechi ya Upanga, utabaki unashangaa peke yako.

Kwa wadogo mambo ni tofauti zaidi. Kwenye kikapu cha watoto chini ya miaka 12, ringi inashushwa hadi mita 2.60 badala ya 3.05, na mpira ni namba 5. Waandaaji wengi huongeza taratibu zao, kwa mfano kila mtoto lazima acheze muda fulani. Kwa hiyo kocha akimtoa mwanao wakati kashanogewa, huenda hajamchukia. Anatimiza utaratibu mliousaini bila kuusoma!

Sasa turudi kwenu wawili

Msomaji, unaweza kuzikariri kanuni zote hizi na Jumamosi ikaharibika vilevile. Ugomvi wa jukwaani mara nyingi hauhusu mpira. Baba anataka mtoto afike pale ambapo yeye hakufika. Mama anaona aibu, anaogopa watu watasema nini. Mmoja anaamini mtoto anakomaa kwa kukemewa, mwingine anaamini kwa kubembelezwa. Filimbi ya refa inafunua tu kile ambacho hamjawahi kukizungumza mezani.

Basi kizungumzeni. Si kwenye gari, mtoto akiwa kiti cha nyuma anasikia kila neno. Usiku, mkiwa wawili, muulizane swali moja: tunataka apate nini kwenye huu mchezo? Kama jibu ni afya, marafiki na nidhamu, basi faulo isiyopigwa dakika ya tatu haina uzito wa kuwanunisha hadi Jumatatu.

Na kama jibu ni ndoto ya mbali, kumbukeni kwamba Hasheem alianza kikapu akiwa na miaka 15. Hakuna sababu ya kumkimbiza mtoto wa miaka tisa kana kwamba treni inamwacha.

Kingine, mwangalieni vizuri huyo refa. Kwenye ligi za watoto, wengi ni vijana wadogo, pengine mwaka mmoja au miwili tu tangu wao wenyewe wacheze. Wanasimama juani mechi nne mfululizo kwa hela ya nauli. Wakitukanwa kila wiki wataacha, na ligi bila refa haipo.

Dondoo za Jumamosi hii

• Kabla ya mechi, muulize kocha ligi inatumia kanuni zipi na zipi wamezibadilisha. Dakika mbili tu.

• Wekeaneni ishara. Mwenzi wako akikugusa goti, unakaa. Bila maswali, bila "niache kwanza."

• Shangilia kwa jina la mtoto, usitoe maelekezo. "Safi sana!" inatosha. "Pasi! Tupa! Rudi!" ni kazi ya kocha.

• Ukitilia shaka filimbi, muulize kocha baada ya mechi, kwa upole, mtoto akiwa hayupo karibu.

• Njiani kurudi, mwache mtoto aanze yeye. Akitaka kuongelea mechi, ataongea. Akitaka chipsi, mnunulie chipsi.

Na ukiona mambo yamekuzidi, iko dawa moja ya uhakika: jitoleeni nyote wawili kuchezesha mechi moja ya mazoezi. Mmoja ashike filimbi, mwingine akae mezani na karatasi ya magoli. Dakika kumi za robo ya kwanza zinatosha. Mkitoka hapo, nawahakikishia, jukwaani mtakuwa wapole kama maji mtungini.