TIMU ZA MALEZI ZIKAE WAPI?

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii inaeleweka vyema kwa askari yeyote aliyepata kuambiwa kuwa msaada uko njiani, hali msaada wenyewe uko mwendo wa siku mbili. Leo tutaipima katika jambo ambalo wengi wetu hatukuzoea kulifikiri, nalo ni mchezo wa besiboli wa huko Marekani, na swali linalozikabili klabu zake kubwa: timu zao za malezi ziwekwe katika miji gani?

Pengine msomaji atauliza jambo hili linamhusu nini. Ajue kwamba mchezo huu umekwisha bisha hodi kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda walitia saini mikataba na klabu kubwa ya Los Angeles. Kijana wa kwetu akianza kupanda ngazi hiyo, miji tutakayoitaja hapa ndiyo atakayolala, kula na kujifunza.

NGAZI NA MADARAJA YAKE

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, timu mbili za watu tisa tisa hupokezana zamu. Upande mmoja hurusha mpira mdogo mgumu. Upande wa pili huupiga kwa gongo la mti, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne.

Klabu kubwa ziko 30, nazo 29 ziko Marekani na moja iko Toronto, Kanada. Kwa sehemu kubwa ya msimu kila klabu huwa na wachezaji 26 katika kikosi chake. Chini ya kikosi hicho ziko timu nne za malezi katika madaraja manne: daraja la AAA ndilo la juu kabisa, likifuatwa na AA, kisha A ya Juu, na mwisho A. Hivyo timu za malezi ni 120 kwa jumla. Chini yake tena kuna kambi za makurutu huko Florida na Arizona, na nyingine katika Jamhuri ya Dominika.

Jambo la kustaajabisha ni kuwa mara nyingi klabu kubwa haimiliki timu hizo. Mwenye timu huwa ni tajiri au kampuni nyingine. Klabu kubwa huwalipa wachezaji na walimu wao. Mwenyeji hutoa uwanja, huuza tiketi, vinywaji na karanga. Kwa hiyo mji wa timu ya malezi huchaguliwa na pande mbili, na kila upande una haja yake.

MTU ALIYEANZISHA MPANGO HUU

Mpango wa malezi ulijengwa na Bwana Branch Rickey, aliyekuwa kiongozi wa klabu ya St. Louis. Klabu yake haikuwa na fedha za kununua wachezaji waliokwisha komaa. Basi katika miaka ya 1920 akaanza kupata hisa katika timu za miji midogo ili awakuze wachezaji wake mwenyewe. Wamarekani wakauita mpango huo shamba. Mwaka 1926 St. Louis ikatwaa ubingwa, na klabu nyingine zikafuata nyayo zake.

Bwana huyo huyo alionyesha kuwa kuchagua mji ni kuchagua hali atakayoishi mtu. Mwaka 1945, akiwa sasa na klabu ya Brooklyn, alimwandikisha Jackie Robinson, Mmarekani mweusi aliyekuwa luteni katika jeshi la nchi yake. Wakati huo klabu kubwa zote zilikuwa za Wazungu watupu. Rickey hakumpeleka katika miji ya kusini, ambako ubaguzi ulikuwa sheria. Huko Florida, wakati wa mazoezi tu, baadhi ya miji ilikataa asicheze. Alimpeleka Montreal, Kanada, ilikokuwa timu ya juu ya malezi ya Brooklyn. Watu wa Montreal wakampokea, naye mwaka 1946 akawa mpigaji bora wa ligi ile, na timu yake ikawa bingwa. Mwaka 1947 akaingia Brooklyn na kuuvunja ukuta. Je, angelelewa katika mji wenye chuki, tungelisikia jina lake?

AKIBA IWE KARIBU

Timu ya AAA ni kikosi cha akiba. Mrushaji wa klabu kubwa akiumia mkono usiku, badala yake hutakiwa uwanjani kesho yake. Kwa sababu hiyo timu hii yapasa kuwa karibu.

Klabu ya Mets ya New York ilijifunza kwa taabu. Tangu mwaka 2013 hadi 2018 timu yake ya AAA ilikuwa Las Vegas, yapata kilomita 3,600 kwa ndege, tena saa za miji hiyo zinapishana kwa saa tatu. Kijana aliyeitwa usiku alifika New York macho mekundu, akatakiwa acheze mbele ya maelfu ya watu.

Ilikuwaje klabu ya New York ijikute jangwani Nevada? Siku hizo mikataba baina ya klabu na miji ilikuwa ya miaka miwili au minne tu. Ilipokwisha, kila mmoja alikimbilia mchumba mpya, na aliyechelewa alichukua aliyebaki. Mets walikuwa na Buffalo tangu 2009 hadi 2012. Kisha Buffalo ikaungana na Toronto, iliyo umbali wa kilomita 160 hivi. Baadaye Mets waliinunua timu ya Syracuse, nayo tangu mwaka 2019 ikawa akiba yao, kilomita 400 hivi kutoka nyumbani. Lakini Syracuse ilikuwa na klabu ya Washington tangu 2009. Washington ikabaki bila mahali, ikaangukia Fresno, California, upande wa pili wa nchi.

Kwa haki lazima tuseme kuwa mwaka ule ule wa 2019 Washington ilitwaa ubingwa. Hivyo umbali peke yake hauleti kushindwa. Hata hivyo klabu hiyo haikupenda kukaa Fresno. Mwaka 2021 ilihamia Rochester, katika jimbo la New York.

Wengine walipanga mapema. Seattle imekuwa na Tacoma tangu mwaka 1995, na safari yake haizidi sana ile ya Kampala hadi Entebbe. Klabu ya Minnesota, yenye makao Minneapolis, tangu 2021 akiba yake iko St. Paul, mji pacha wake. Safari hiyo ni fupi kuliko Kampala hadi Mukono. Nayo Toronto ilivuna faida isiyotarajiwa. Mwaka 2020, Kanada ilipokataa timu zivuke mpaka kwa ajili ya ugonjwa wa Covid-19, klabu kubwa ya Toronto ilichezea Buffalo. Nyumba ya mtoto ikamhifadhi mzazi.

PALE HEWA INAPOAMUA

Kuna nafasi moja ambapo kanuni ya ukaribu hulegezwa. Klabu ya Colorado huchezea Denver, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi. Katika hewa nyepesi mpira uliopigwa huenda mbali zaidi, na mpira wa mrushaji haupindi kama alivyozoea. Wakimbiaji wa Kapchorwa wanajua jinsi mwinuko unavyobadili kazi ya mwili. Basi klabu hiyo iliweka timu yake ya AAA Colorado Springs tangu 1993 hadi 2014, kisha Albuquerque tangu 2015. Albuquerque iko mamia ya kilomita kutoka Denver, lakini ni mji wa mwinuko, na kijana anayelelewa huko hashangazwi na hewa ya Denver.

WACHANGA WAWEZA KUWA MBALI

Kwa madaraja ya chini hesabu ni nyingine. Kijana wa miaka 19 haitwi kikosini kesho. Ana miaka miwili au mitatu ya kujifunza. Samaki mkunje angali mbichi, na kazi hiyo yaweza kufanyika mbali. Timu ya AA ya San Francisco iko Richmond, Virginia, ng'ambo ya pili ya Marekani, tangu mwaka 2010, na imekuwa ikipata watazamaji wengi. Houston, klabu ya Texas, tangu 2019 imelea vijana Fayetteville, North Carolina, mji wa wanajeshi ulio karibu na kambi ya Fort Bragg.

Kwa timu kama hizi, kilomita za kuhesabu ni zile za kutoka mji hadi miji ya wapinzani, kwani vijana husafiri kwa basi, mara nyingi usiku. Mwaka 2021 ratiba ilibadilishwa: timu ikifika mjini hucheza siku sita mfululizo, Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu ni mapumziko. Safari zikapungua, usingizi ukaongezeka.

Klabu ya Atlanta imechagua kuwakusanya wote karibu. AAA iko Gwinnett, nje kidogo ya Atlanta, tangu 2009. A ya Juu iko Rome. AA ilihamia Columbus mwaka 2025, jirani na Fort Benning, wanakofunzwa askari wa miguu. Na timu ya A ni ya Augusta, ingawa uwanja wake uko ng'ambo ya mto Savannah, katika jimbo la South Carolina. Mwalimu mkuu aweza kuzikagua zote kwa gari. Lakini karibu nako kuna hasara: Gwinnett haivuti watu wengi, kwa sababu apendaye mpira huenda kuitazama timu kubwa jirani.

MJI NAO UNA HAKI

Ili kwenda Gwinnett, Atlanta iliiacha Richmond, iliyokuwa mwenyeji wake tangu 1966. Pawtucket, Rhode Island, uliilea timu ya Boston kwa miaka 50. Huko mwaka 1981 ulichezwa mchezo mrefu kuliko yote ya kulipwa: zamu 33 badala ya tisa, ukaanza Aprili na kumalizika Juni. Mwaka 2021 timu ikahamia Worcester, mji uliojenga uwanja wa zaidi ya dola milioni 100. Umbali wa kwenda Boston ni karibu ule ule. Kilichohamisha timu ni uwanja. Mwaka huo huo klabu kubwa zilipunguza timu za malezi kutoka 160 hadi 120. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba: miji 40 hivi ilipoteza timu zake za malezi. Jambo jema ni kuwa mikataba mipya ilifanywa ya miaka 10.

NYUMBA YA MCHEZAJI

Mwisho tuiangalie nyumba, maana familia za askari na polisi zinajua maana ya barua ya uhamisho. Mkataba wa mwaka 2023 uliweka mshahara wa chini wa dola 26,200 kwa mwaka katika daraja la A na 35,800 katika AAA. Kwa gharama za Marekani, fedha hizo hazitoshi kodi ya nyumba mbili. Kabla ya mwaka 2022, klabu zilipoanza kutakiwa kuwapa vijana wengi malazi, wengi walisongamana katika chumba kimoja. Mchezaji wa St. Paul akiitwa Minneapolis, mkewe habebi sufuria wala mtoto habadili shule. Yule wa Las Vegas aliagana na jamaa zake usiku, asijue atarudi baada ya siku tatu au miezi mitatu.

Kwa maoni yetu, klabu yenye busara huweka akiba yake karibu, na wachanga wake penye walimu wazuri, malazi na safari fupi. Kisha hukaa na mji iliouchagua. Nao wazazi wa kwetu, siku mtoto atakapoletewa karatasi atie saini, wasiulize fedha tu. Waulize atapelekwa mji gani, atalala wapi, na nani atamtazama akiugua.