Wa Mwisho Naye ni Mkimbiaji

Mimi ni buheri wa afya, na mkinivumilia hadi mwisho mtajua kwa nini nasema hivyo kwa kujigamba kidogo.

Wengi wenu mlikuwa uwanjani muhula uliopita siku ya mbio za nyika baina ya madarasa. Kwa hivyo mnamjua aliyekuwa wa mwisho upande wa wasichana. Naam, ni mimi! Nilimaliza kilomita 5 kwa dakika 41. Wakati huo mshindi alikuwa ameshakunywa maji, amebadilisha nguo na anapiga gumzo na wenzake chini ya mti. Kuna waliocheka, nami sina kinyongo. Lakini mmoja wenu aliniuliza, "Ati wewe huoni haya? Mbona ulikuwa unatabasamu?" Siku hiyo sikuwa na pumzi ya kumjibu. Namjibu leo katika makala haya.

Kwanza tukumbuke tunaishi wapi. Mji wetu wa Eldoret uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda hadi Iten unafika mita 2,400. Huku juu hewa ni nyepesi, na mwili hulazimika kutengeneza chembe nyingi zaidi nyekundu za damu ili kubeba oksijeni. Ndiyo maana wanariadha kutoka Ulaya na Marekani husafiri mbali kuja kufanya mazoezi kwetu. Uwanja wa mjini umepewa jina la Kipchoge Keino, aliyetuletea dhahabu ya mita 1,500 kutoka Mexico mwaka wa 1968. Alfajiri yoyote ukitoka nje utaona makundi ya wakimbiaji barabarani. Sasa fikiria wewe ni msichana wa hapa hapa, na huwezi kukimbia hata hadi dukani bila kusimama. Ni kama kuzaliwa Lamu na usijue kuogelea.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, nilishiriki mbio hizo hizo. Filimbi ilipolia nilichomoka kama mshale. Nilitaka watu waone kwamba mimi pia ni mtoto wa huku. Kabla ya kilomita moja kwisha, kichomi kilinishika ubavuni, miguu ikawa mizito kama magunia ya mahindi na nikaona nyota mchana. Niliangalia nyuma nikaona hakuna mtu. Hapo nikaingia katika shamba la mahindi lililo kando ya njia, nikaketi mpaka kila kitu kikanyamaza, halafu nikaenda nyumbani kwa njia ya mkato. Kesho yake nilimwambia mwalimu wa michezo kwamba nilikuwa nimeteguka mguu. Uongo huo ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo, kila tulipokuwa na kipindi cha michezo, mimi nilikuwa na maumivu ya tumbo.

Basi mwezi wa Januari mwaka huu mama yangu alienda kliniki akaambiwa ana ugonjwa wa kisukari. Pamoja na dawa, muuguzi alimwambia awe akitembea kwa kasi angalau nusu saa kwa siku, karibu kila siku. Alimweleza kwamba misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia, kwa hiyo mazoezi ni sehemu ya matibabu. Mama alirudi nyumbani akakaa kimya. Halafu akasema, "Mimi na umri huu nitoke barabarani na viatu vya raba? Majirani si watanicheka?"

Wenzangu, maneno hayo niliyajua. Yalikuwa yangu, yale niliyojiambia ndani ya mahindi. Nikajikuta nimesema, "Mama, tutaenda pamoja. Wakicheka, watucheke wawili."

Tulianza Jumatatu iliyofuata kabla ya jua kuchomoza, mama akiwa na leso na mimi na sweta ya shule. Tulikuwa na mpango rahisi. Mama alitembea kwa kasi bila kusimama. Mimi nilikimbia kutoka mlingoti mmoja wa stima hadi wa pili, kisha nikageuka na kutembea kurudi kumpokea mama, halafu nikakimbia tena. Siku ya kwanza nilikimbia milingoti minne tu, na jioni nilishuka ngazi za darasani kwa kushikilia ukuta.

Juma la tatu ndipo nilipofunguliwa macho. Kundi la wanariadha, wale wembamba wenye miguu ya swara, lilikuwa linakuja nyuma yetu. Nikasogea kando nikitarajia watupite kama umeme. La hasha! Walikuwa wanajikokota. Walikuwa wanaongea na kucheka, na vumbi halikutimka. Mama, ambaye hana woga, aliuliza, "Vijana, mbona leo mnakimbia kama mimi?" Mmoja wao akajibu, "Mama, leo ni siku ya polepole. Kesho ndiyo siku ya moto. Ukifanya moto kila siku unajichoma mwenyewe."

Kumbe! Baadaye nilisoma na kuuliza, nikagundua kwamba hiyo si siri ya mtu mmoja. Wakimbiaji wa mbio ndefu, hata mabingwa wa dunia, hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo wa chini kuliko wa mashindano. Tunachokiona kwenye televisheni ni siku ya moto tu. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa akitumia dakika 2 na sekunde 50 hivi kwa kila kilomita. Katika zile dakika 41 zangu, yeye angekuwa amepita kilomita 14. Lakini mwendo huo wa ajabu ulijengwa na miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo mlikuwa na asubuhi nyingi za polepole. Sisi wengine tunataka kuanza na siku ya moto, halafu tunashangaa tukiungua.

Ni nini hasa hutokea mwilini? Mtu asiyezoea akitimka mbio, misuli yake hudai oksijeni nyingi kuliko moyo na mapafu yanavyoweza kuipelekea kwa wakati huo. Misuli basi hutengeneza nguvu kwa njia nyingine isiyohitaji oksijeni. Njia hiyo ni ya haraka lakini haidumu, na uchovu hukujia kama deni. Hilo ndilo lililonipeleka katika shamba la mahindi. Sikuwa mvivu, nilikuwa nimekopa nisichoweza kulipa.

Ukikimbia polepole, oksijeni hutosha, na mwili hupata nafasi ya kujijenga. Moyo hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Vishipa vidogo vya damu huongezeka ndani ya misuli. Zile mitokondria tunazosoma katika baiolojia, ambazo ndizo viwanda vya nguvu vya chembe, nazo huongezeka. Mabadiliko haya huanza kuonekana baada ya majuma machache. Lakini mifupa na kano huimarika taratibu zaidi, kwa miezi. Hapa pana hatari: pumzi yako inaweza kukuambia "twende" wakati miguu bado haijawa tayari. Mimi mwenyewe mwezi wa Machi nilijiona hodari, nikaongeza mwendo na umbali kwa pamoja, na mfupa wa muundi ukaniuma kwa siku kumi. Mwenda pole hajikwai, wahenga walisema, na nadhani walikuwa na wanafunzi kama mimi.

Kwa wale wanaotaka kuanza, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, kimbia kwa mwendo ambao unaweza kuongea. Ukiweza kumsimulia mwenzako habari kwa sentensi nzima, uko sawa. Ukibaki na neno mojamoja, punguza. Huhitaji saa wala kifaa chochote, mdomo wako unatosha.

Pili, changanya kukimbia na kutembea bila haya. Nilianza na dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea. Nikaongeza kidogokidogo, na baada ya majuma kumi nilikimbia dakika 30 bila kusimama. Siku hiyo nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Tatu, pumzika. Mimi hukimbia siku tatu kwa juma, na siku zile nyingine natembea tu na mama. Misuli hujirekebisha wakati wa mapumziko.

Nne, usile chakula kizito kabla tu ya kukimbia. Ukishikwa na kichomi usikimbilie mahindi. Tembea, vuta pumzi ndefu, kisha uendelee.

Tano, tafuta mtu wa kwenda naye. Sisi wa shule ya kutwa tuna kazi za nyumbani asubuhi na jioni, na si salama msichana kuwa barabarani peke yake gizani. Mwenzako hatakiwi kuwa na mbio. Wangu ana miaka 47 na anakimbia hatua chache tu tunapokaribia lango.

Tukirudi kwenye siku ya mashindano, kabla ya mbio nilienda kwa mwalimu wa michezo nikamwambia ukweli kuhusu mwaka jana. Alinitazama kwa muda, akacheka, akasema, "Hata mimi nilijua mguu wako ni mzima. Leo unafika?" Nikamwambia, "Nitafika, mwalimu, lakini usiningojee karibuni."

Filimbi ilipolia wote walinipita, hata wale ambao hawajawahi kufanya mazoezi. Wacha niseme ukweli: iliuma. Miguu ilitaka kuwafuata. Nilijilazimisha kukumbuka milingoti ya stima. Kufikia kilomita ya tatu niliwapita watatu walioketi kando ya njia wakishika mbavu. Niliwaambia waje tutembee, lakini walikataa. Nikalipita lile shamba la mahindi. Safari hii sikuliangalia.

Ndiyo maana nilikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Nilipoingia uwanjani kulikuwa na vicheko, kisha makofi kidogo, kisha makofi zaidi. Nilitabasamu kwa sababu nilikuwa napumua vizuri. Ni hivyo tu, wapenzi wasomaji. Nilikuwa nimekimbia kilomita 5 na bado ningeweza kuongea kama si machozi.

Historia ya riadha inamkumbuka mtu mwingine aliyefika mwisho. Katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka huo huo wa 1968, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika marathoni na kuumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari alifika zaidi ya saa moja baadaye, giza limeingia na watazamaji wachache wamebaki, mguu wake umefungwa bendeji. Wenzake kadha walikuwa wamejiondoa, yeye akachechemea hadi mstarini. Leo wengi hawawezi kutaja aliyekuwa wa pili siku ile, lakini Akhwari wanamjua. Sijilinganishi naye, maana yeye alikuwa bingwa aliyeumia na mimi ni mwanafunzi ninayejifunza. Ninachosema ni kwamba mstari wa mwisho hauna mlango wa wakubwa na mlango wa wadogo. Ni mmoja.

Kujivuna ni kusema, "Mimi nimewashinda." Mimi sijamshinda mtu, kwa hivyo sina la kujivunia kwa namna hiyo. Fahari yangu ni ya aina nyingine. Mwaka jana nilikuwa wa kilomita moja na uongo mmoja. Mwaka huu ni wa kilomita tano na ukweli. Hata katika hisabati, ambako pia mimi si mwepesi, nimeanza kuinua mkono na kuuliza, maana nimeshazoea kuwa nyuma na kuendelea.

Mama bado anameza dawa zake, na kisukari hakijaenda popote. Lakini alipoenda kupimwa mara ya mwisho, muuguzi alifurahia vipimo vyake na kumwambia aendelee hivyo hivyo. Na majirani? Walicheka juma la kwanza. Siku hizi wawili kati yao wanatungojea langoni saa kumi na moja na nusu asubuhi.

Shime basi, wenzangu! Kama nawe ulikuwa katika wale watatu walioketi kando ya njia, siandiki haya kukuaibisha. Niliwahi kuketi mbali zaidi, ndani ya mahindi. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tutakuwa karibu na lango la shule, mimi na mama. Tutaenda polepole, na tutakungoja.