Je, Wajua: Chaja ya Gari la Umeme Haiko Ukutani

Mwenye gari la umeme akitembelewa, hachelewi kumwonyesha mgeni kisanduku kilichofungwa ukutani, chenye taa ya kijani na waya mnene, na kumwambia kwamba hiyo ndiyo chaja. Sivyo. Chaja ya kweli imo ndani ya gari lenyewe. Hiyo ndiyo inayogeuza umeme wa nyumbani, ambao ni mkondo geu, kuwa mkondo mnyoofu unaokubaliwa na betri. Kisanduku cha ukutani ni swichi tu. Ni swichi yenye adabu, inayobisha hodi kabla ya kuingia, lakini ni swichi.

Kutolijua jambo hili hakumdhuru mtu hadi siku anapotaka kulilisha gari kwa sola. Hapo wengi huanza kwa kuhesabu paneli, na hesabu yenyewe ni tamu. Gari dogo kama Nissan Leaf hula takriban uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Mtu wa Ongata Rongai anayeingia katikati ya Nairobi na kurudi, tuseme kilomita 40, anahitaji uniti 6 hadi 8 kwa siku. Paneli moja ya wati 550, isiyo na vumbi wala kivuli cha mwembe, hutoa uniti mbili na kitu kwa siku katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo, kwenye karatasi, paneli nne zinamtosha.

Karatasi haijui mambo mawili: ampea 6, na saa ambazo gari liko nyumbani.

Ampea kwanza. Kwenye plagi ya gari, kando ya pini nene zinazopitisha umeme wenyewe, kuna pini ndogo ya mazungumzo. Kabla gari halijachomekwa, kisanduku huweka volti 12 kwenye pini hiyo na kungoja. Gari likichomekwa, rezista ndogo iliyomo ndani yake huzishusha volti hizo hadi 9, na kisanduku hujua kwamba kuna aliyefika. Huanza sasa kupiga mapigo, kutoka volti 12 chanya hadi 12 hasi na kurudi, mara 1,000 kwa sekunde. Gari likiwa tayari kupokea, huingiza rezista ya pili, volti zinashuka hadi 6, na hapo tu ndipo kontakta ndani ya kisanduku inapolia “ta!” na umeme mkubwa kuanza kupita. Ndiyo maana plagi iliyoachwa sakafuni haina umeme mkubwa ndani yake, hata kama kisanduku kimewashwa.

Uhondo umo katika upana wa yale mapigo. Pigo likikaa juu kwa asilimia 10 ya muda wake, gari linaruhusiwa kuvuta hadi ampea 6. Likikaa asilimia 20, ni ampea 12. Asilimia 50, ampea 30. Kisanduku hakilazimishi wala hakisukumi kitu. Konda anayegonga bodi ya matatu hashiki usukani, ila dereva anajua mlio upi ni wa kwenda na upi ni wa kusimama. Hapa pia, gari ndilo linalosikiliza na kutii, na sharti litii ndani ya sekunde chache.

Waliobuni mpango huu walikuwa watu wa kushuku kila kitu. Waliweka daiodi ndani ya gari, inayouacha upande hasi wa pigo ubaki palepale kwenye 12. Kisanduku hukagua pande zote mbili: chanya umeshuka na hasi haukuguswa, basi hilo ni gari. Zote mbili zikishuka, kuna kitu kingine, pengine maji ya mvua au kidole cha mtoto mtundu, na umeme hautoki. Ipo hata ishara ya volti 3, ya gari linaloomba feni iwashwe chumbani, kwa sababu betri za zamani za risasi na asidi zilitoa haidrojeni zilipokuwa zikichajiwa. Magari ya leo yenye betri za lithiamu hayana haja nayo, lakini ishara ingali katika kanuni.

Tatizo la mwenye sola ni kwamba katika lugha hii ya mapigo hakuna namna ya kusema “vuta ampea 3.” Sakafu ni 6. Kwa volti 240 za Kenya, hizo ni wati 1,440. Chini ya hapo hakuna kupunguza, kuna kuzima tu. Gari linalochaji kwa fezi tatu ni gumu zaidi, kwani sakafu yake ni wati 4,320. Sasa zitazame tena zile paneli nne. Zote pamoja zina wati 2,200 kwa jina, lakini saa mbili asubuhi huenda zinatoa 600, na friji inazitaka. Zinavuka 1,440 kwa saa chache tu katikati ya mchana, tena ikiwa hakuna anayepiga pasi. Uniti zipo, ila zinakuja kidogokidogo, na gari halipokei kidogokidogo.

Tena kuchaji kwa ampea 6 kuna upotevu wake. Gari linapochaji huamsha kompyuta zake na mara nyingine pampu za kupoza, na hivyo vyaweza kula wati mia mbili au tatu muda wote. Kati ya wati 7,000 hilo halionekani. Kati ya 1,440 ni fungu nono.

Visanduku vinavyojua sola vilizaliwa kutokana na adha hii. Kimojawapo ni zappi, cha kampuni ya myenergi ya Uingereza. Kihisi kama kibanio hubana waya mkuu wa nyumba na kuangalia iwapo umeme unaingia kutoka gridi au unatoka kwenda huko. Ukianza kutoka, kuna ziada, na kisanduku hupanua mapigo yake ili gari livute zaidi. Wingu likipita, huyabana. Ziada ikianguka chini ya sakafu, huvuta subira kidogo kabla ya kukata, maana kontakta inayowaka na kuzima kwa kila wingu haiishi miaka mingi. Kwa anga la Nairobi la mwezi Julai, subira hiyo ni sehemu kubwa ya kazi.

Jambo la pili, la saa, halitibiki kwa kisanduku chochote. Jua likiwa utosini, gari la mfanyakazi liko kazini. Paneli ziko Rongai, gari liko Upper Hill, Nairobi. Hapo ndipo mafundi wengi humwuzia mteja rundo la betri za kuhifadhi umeme wa mchana ili uhamishiwe garini usiku. Ni kuweka akiba mara mbili, na kila kuhama kuna kinachopotea njiani. Betri za bei rahisi za risasi zikifa nazo hazina pa kuzikwa kwa heshima. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua risasi inayoyeyushwa ovyo karibu na nyumba za watu inafanya nini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, baada ya miaka ya kampeni iliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido. Kuongeza betri za namna hiyo kwa ajili ya gari ambalo lenyewe ni betri juu ya magurudumu ni ubadhirifu mtupu.

Anayechaji nyumbani usiku nchini Kenya ana njia nyingine. Mwaka 2023 ilianzishwa bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 katika saa za usiku ambazo nchi imelala huku mvuke wa ardhini wa Olkaria ukiendelea kuzungusha mitambo, kabla ya kodi na tozo. Umeme huo ni safi kama wa sola. Hakuna aibu kuutumia.

Sola ya gari, basi, mahali pake hasa ni kazini. Maegesho ya jengo la Garden City, Barabara ya Thika, yalifunikwa paneli za kilowati 858 mwaka 2015: magari yako kivulini, umeme uko juu yake. Umeme ule ulikusudiwa maduka, lakini umbo lenyewe ndilo linalotakiwa kila penye ofisi, hospitali na chuo ambako mamia ya magari huungua jua kutwa chini ya anga tupu. Tena kanuni za Kenya za 2024 humpa mwenye sola nusu uniti tu kwa kila uniti anayoirudisha kwenye gridi, kwa hiyo mwenye jengo ana sababu ya kuimimina garini badala ya kuipa gridi kwa nusu bei. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuziangalia paneli. Zipo paneli zilizozinduliwa kwa utepe na hotuba, zikaachiwa vumbi na kinyesi cha ndege hadi leo, kana kwamba ndoo ya maji na kitambaa ni teknolojia ya kuagizwa ng'ambo.

Walioipatia barabara ni watu wa mbuga. Emboo River Camp, Maasai Mara, inajiendesha kwa jua, na magari yake ya kutalii yamegeuzwa kuwa ya umeme. Safari za kutazama wanyama hutoka alfajiri na tena alasiri. Katikati ya mchana simba amelala, mtalii amelala, na gari limesimama. Ratiba ya wanyama na ratiba ya jua zinaoana bila mtu kulazimisha. Bodaboda za umeme zimelikwepa tatizo kwa njia yao: pikipiki huenda na betri moja huku nyingine ikiachwa kituoni, na hiyo iliyobaki inaweza kunywa jua mchana kutwa.

Na paneli juu ya paa la gari? Toyota walijaribu, wakaweka paneli ya wati 180 kwenye Prius ya kuchomeka ya 2017 nchini Japani. Kwa siku njema kabisa iliongeza kilomita 6.1. Matumizi mengine ya sola kwa vyombo vya umeme ni mengi: basi la shule linaloshinda limeegeshwa, bajaji za hospitali, mikokoteni ya uwanja wa gofu, boti za Lamu kwa atakayethubutu. Na umeme waweza kurudi kinyumenyume pia. Nissan na Nichicon walianza mwaka 2012 kuuza Japani kifaa cha kutoa hadi kilowati 6 kutoka Leaf kwenda kwenye taa za nyumba, mwaka mmoja baada ya tsunami kuiharibu mitambo ya Fukushima.