Hati za Hisa za Wazee na Namna ya Kuzithamini

Katika nyumba nyingi za Mombasa na Nairobi, marhumu akishazikwa na madeni yake yakalipwa, warithi hukuta, miongoni mwa hati za nyumba na za shamba, karatasi za hisa zilizonunuliwa zamani za Waingereza au katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Nao, wakiisoma tarakimu iliyopigwa chapa juu yake, ama huipuuza kwa udogo wake, ama hudhani kwamba umri peke yake umeigeuza kuwa hazina. Dhana zote mbili ni batili, kwa kuwa tarakimu ile iliwekwa siku hisa ilipotolewa, ilhali bei ya leo hutegemea haki ambazo hati inazishuhudia na nguvu ya fungu zima la mwenyewe.

Kampuni ikiwa ingali katika Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, hesabu si ngumu, walakini yataka subira. Benki iliyofungua milango yake Mombasa mwaka 1896 kwa jina la National Bank of India ndiyo iliyokuja kuwa Kenya Commercial Bank mwaka 1970, na kwa sababu mwaka 2007 kila hisa yake iligawanywa kuwa kumi, mwenye hati ya hisa 100 ya kabla ya hapo ana hisa 1,000, ijapokuwa karatasi yake haisemi hivyo. Shahidi wa kutegemewa ni daftari la wanahisa. Humo ndimo zinamoandikwa hisa za nyongeza na magawio yasiyochukuliwa. Magawio yaliyolala muda mrefu hukabidhiwa mamlaka ya serikali iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2011 kuhifadhi mali za kifedha zisizodaiwa, na mrithi mwenye ithibati ana haki ya kuyadai. Kama kampuni imekwisha kufutwa kwa Msajili wa Makampuni, karatasi hubaki na thamani kwa wakusanyaji wa vitu vya kale tu.

Mashaka makubwa yamo katika kampuni za ukoo, ambazo hisa zake hazipiti sokoni. Jengo lililonunuliwa mwaka 1950 aghalabu huandikwa vitabuni kwa bei ya siku ile, ilhali kiwanja chake leo kina bei nyingine kabisa. Kwa hiyo mthamini hulipima upya, kisha hutoa madeni ya benki na ya kodi. Kampuni isiyo na mali nyingi ila biashara iliyo hai hupimwa kwa faida yake ya miaka kadhaa. Fauka ya hayo husomwa katiba ya kampuni, kwani nyingi humlazimu mwenye kuuza awatangulize wanahisa wenziwe, na baadhi huwaruhusu wakurugenzi kumkataa mnunuzi mgeni; na hisa iliyofungwa hivyo hupunguziwa bei.

Lakini linaloghafilikiwa zaidi ni ukubwa wa fungu. Kwa sheria ya makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, azimio la kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, azimio maalumu hutaka robo tatu, na mwenye zaidi ya robo aweza kulizuia. Tuseme marhumu Mwislamu alikuwa na hisa 60 kati ya 100, akaacha mjane mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, bila mrithi mwingine. Mjane atapata thumuni, yaani hisa 7.5, kila binti 7.5; na kila mwana wa kiume 15. Hesabu imetimia na sharia imefuatwa, lakini mamlaka yamevunjika: hakuna mrithi hata mmoja anayefikia robo, na mwenye zile 40 zilizobaki, ambaye jana aliweza tu kuzuia azimio maalumu, leo amewapita wote mmoja mmoja. Mafungu hayo sita yakiuzwa mbalimbali hayatafikia bei ya fungu moja la 60.

Kwa hiyo yafaa thamani ikadiriwe kwa fungu zima kabla ya kugawanywa, na warithi waandikiane mkataba wa kupiga kura pamoja, au mmoja wao azinunue hisa za wenziwe kwa bei iliyopimwa juu ya hisa zote 60. Kwani atakayewafikia mmoja mmoja kwa bei ya hisa chache chache atakuwa ameinunua kampuni bila kuilipia mamlaka yake.